Nilikata Mtandio wa Marehemu Mkwe Nikaivisha Ndege

Jamani, nina mvi kichwa kizima, na nimeiba sandukuni mwa mke wangu. Nichekeni, nitukaneni, nimestahili.

Nilipokuwa kijana, mjomba wangu aliyekuwa Maskati alinitumia boksi la ndege ya kuunga mwenyewe, ile ya kurushwa kwa rimoti. Vijiti vyepesi kama sufi, ramani yake, na karatasi laini ya kuvika mabawa. Rimoti yenyewe haikuja, na mjomba akafariki. Boksi likakaa juu ya kabati miaka na miaka. Sasa nimestaafu, na rimoti siku hizi zinauzwa, nikasema hii ndiyo zamu yangu.

Wee! Nilirudi utoto. Natoka msikitini alfajiri, moja kwa moja ukumbini kugundisha vijiti, chai inapoa. Mke wangu, Mama Salma, akawa anawaambia wageni: "Jamani nimeletewa mke mwenza wa mbao!"

Kufika kwenye mabawa, nikakuta karatasi yote imeliwa na mende. Maelezo yalisema hata hariri yafaa. Hariri nitoe wapi? Nikakumbuka sanduku la mke wangu.

Humo mlikuwa na mtandio wa marehemu mama yake, hariri tupu, rangi ya zafarani na maua mekundu. Ulikuwa umewekwa akiba, binti yetu Salma afunikwe nao siku ya harusi yake. Nilijua! Sitaki kusema sikujua. Shetani akaniambia, nguo imekaa tu, haivaliwi, utanunua nyingine. Mke katoka kwenda sokoni, nikalifungua sanduku, nikaukata ule mtandio kwa mkasi. Wala sikusita, astaghfirullah.

Nikayavika mabawa hariri ile, nikaipaka rangi ya buluu, nyepesi, maana rangi nzito huilemea ndege isiruke. Maua yakapotea. Nikajipongeza, mpumbavu mimi.

Harusi ikakaribia, mke wangu akafungua sanduku. Kilio alicholia siku ile, utadhani mama yake kafa upya. Na chumbani kwetu anayeingia kufagia ni mmoja tu, dada yangu Mwanahawa, aliyerudi kwangu baada ya kuachwa na mumewe.

Mama Salma hakumtuhumu kwa mdomo. Alivaa kanga iliyoandikwa "Kikulacho ki nguoni mwako", akawa anapita nayo mbele ya wifi yake asubuhi na jioni. Mwanamke wa pwani hahitaji kuambiwa zaidi. Mwanahawa alinijia nikiunga mkia wa ndege.

"Kaka, na wewe waniona mwizi?"

Nikamjibu bila kuinua uso: "Mambo ya wanawake hayo, yamalizeni wenyewe."

Niliapa moyoni kwamba nitasema ndege ikisharuka. Ikiruka tu, nasema! Kumbe dada yangu anafungasha. Akaenda zake kijijini Tongoni kwa mama yetu mkubwa, na mtaa wetu mzima, huu uitwao Mabawa, ukaamini kuwa mdokozi ni yeye.

Siku ya kurusha, Mama Salma alikuja kiwanjani kunifurahisha, pamoja na huzuni zake zote. Ndege ikaruka, wallahi, ikaruka vizuri! Watoto wakapiga makelele. Nikaigeuza ipite juu ya vichwa vyetu. Jua la alasiri likapenya bawa, na yale maua mekundu yakaonekana, moja moja.

"Baba Salma," akasema polepole, "teremsha nguo ya mama yangu."

Nikaiteremsha. Nilidhani atanizaba kofi mbele za watu, na ningeshukuru. Wala hakuuliza habari za mtandio. Aliuliza, "Mwanahawa ulimwacha aondoke, nawe wajua?"

Jioni ile ile akaenda Tongoni kumwangukia wifi yake. Wamepatana, siku hizi wanacheka kwenye simu mpaka wanalia.

Mimi nilikwenda kesho yake. Mwanahawa akanipokea, akanipa kahawa. Nikalia mbele yake, mzee mzima.

"Wifi alinipigia fumbo la kanga kwa kuwa hakujua," akasema. "Wewe ulijua. Nimekusamehe, lakini kwako sirudi kulala."

Harusini alikuja. Akanisalimu, "Shikamoo, Baba Salma." Yarabi! Tangu ajue kusema ananiita kaka! Sasa ananiita vile anavyoniita muuza mkaa wa mtaani. Niliitikia marahaba, nikaenda kujificha uani.

Wanaume wenzangu, na kina mama pia, njia ya mwongo ni fupi, lakini hiyo yangu fupi ilitosha kumtoa dada yangu nyumbani. Ukikosa, tamka siku ile ile, uchekwe, utukanwe, yaishe. Usijiambie ngoja nimalize kwanza shughuli yangu. Wewe ukiwa unamaliza, mwenzio anakunja nguo zake.