Kikohozi Kilichokuwa Komeo

Nyumba tunayopanga Temeke ina vyumba sita na choo kimoja, kiko uani, na mlango wake wa bati hauna komeo. Aliye ndani akisikia mtu anakuja anakohoa, na anayekuja anageuza. Wapangaji wengine husahau, wakafumaniwa. Mimi sikuwahi. Miaka ishirini ya sigara ilinipa kikohozi kilichonilinda bila kuombwa.

Mama mkwe wangu, mtu wa Tanga, alikichukia. Siku ya posa alisema mbele ya wazee kwamba binti yake anaolewa na bomba la moshi, na tangu hapo akaniita "huyo bwana". Nilicheka na wenzangu, lakini iliniuma. Basi aliposema atakuja kututembelea, nikaacha sigara miezi mitatu kabla, nimwonyeshe.

Mwili una kisirani. Wiki za kwanza nilikohoa kuliko nilipokuwa navuta, makohozi ya tangu ujana yakitafuta njia ya kutokea.

"Acha uongo, unavutaga chooni," mke wangu akasema, akaninusa mdomo. Nikamwapia.

Kisha pua ikafunguka. Nilifurahi siku moja. Ya pili nikaanza kusikia harufu ya mtaro wetu, na ya shati langu la kazini, ambalo miaka yote nilidhani halina neno. Ulimi nao ukarudi. Nikaonja mchuzi, nikasema chumvi imezidi.

"Miaka yote umekula, leo ndo unaiona?" Siku hiyo nilishindia ndizi mbivu.

Mama mkwe alipofika kifua kilikuwa kimetulia kabisa. Nikamwamkia, nikamwambia nimeacha. Akasema, "Haya," akatazama dari. Mtu mzima akitazama dari, ujue hajaamini.

Asubuhi ya tatu nilikuwa chooni, nimechuchumaa, najiona mzima kama kijana. Nikasikia kandambili zinakuja. Nikajikakamua nikohoe. Ikatoka pumzi safi, haina hata mkwaruzo. Bati likafunguka.

"Yarabi!" Mama mkwe akajitupia khanga usoni, akakimbia. Kandambili moja ilibaki mlangoni.

Nilikaa mle mpaka miguu ikafa ganzi. Mkwe wa kiume kuonwa vile na mama mkwe! Nilitoka nimeshaamua: nakwenda dukani, nanunua sigara. Heshima imekwisha, mapafu nayatunza ya nini?

Nilipopita chini ya dirisha letu nikamsikia akimwambia binti yake, "Mumeo kaacha kweli. Angekuwa bado anavuta, ningemsikia tangu barazani."

Dukani sikwenda. Nilisimama pale dirishani, machozi yananilenga, mtu mzima mimi.

Siku mbili tulikwepana. Ya tatu mama mkwe alirudi kutoka sokoni, akaweka kitu mezani kimefungwa kwenye gazeti, uso kaugeuzia ukutani. Nikakifungua: komeo la chuma, na misumari yake minne.

"Kapigilie, mwanangu," akasema.

Nikaenda kuazima nyundo.