Uzi mwekundu wa Yasir Shee

Saa mbili asubuhi, Yasir Shee anashusha makatoni kwenye ghala moja la Al Qusais, Dubai. Anayabeba mawili mawili, anayapanga ukutani, anarudi kwenye lori. Ndani mna glavu za ngozi na kinga za miguu za magolikipa waliocheza mpira wa magongo juu ya barafu miongo mingi iliyopita, katika nchi ambazo yeye hajawahi kuzikanyaga.

Hadi majuzi kazi yake ilikuwa kuvishona vitu hivyo. Leo haruhusiwi hata kuvifungua. Kosa lake ni kusema kweli, na ukishalisikia utakubali kwamba kuna watu hawana haya.

Yasir, 43, anatoka Siyu, kisiwani Pate, katika ukoo wa mafundi wa makubadhi. Alikuja Dubai mwaka 2007 kuuza viatu. Miaka michache baadaye, tajiri mmoja mwenye duka Al Mankhool akamwona akishona mkoba wa mteja, akamchukua.

Duka hilo linauza vifaa vya zamani vya magongo. Usicheke. Kuna watu wanaotoa mshahara wa mwaka mzima wa kibarua kununua glavu kuukuu inayonuka jasho, mradi iwe imevaliwa kweli uwanjani. Hiyo "kweli" ndiyo biashara yenyewe. Mnunuzi hutazama kiganja kilivyolika pale gongo linaposhikwa, hutazama chumvi ya jasho iliyoganda kwenye ngozi. Kiraka kilichoshonwa na fundi wa timu enzi hizo hupandisha bei. Kiraka kilichoshonwa jana ni matengenezo tu.

Kwa hiyo kila alipoziba tundu, Yasir alimalizia kwa mshono mmoja wa uzi mwekundu. Alifundishwa na marehemu baba yake, aliyekuwa akitengeneza makubadhi makuukuu na kuyauza tena.

"Mzee alitaka mnunuzi aone mkono wa kwanza umeishia wapi na wake umeanzia wapi," anasema. "Akitaka anunue, akitaka aache. Lakini asidanganywe."

Tajiri hakupinga. Kumbe alikuwa na dawa yake.

Februari mwaka huu wa 2015, alifika dukani mteja anayeitwa Mawadda, mkazi wa Rashidiya ambaye familia yake ilihamia Dubai zamani kutoka Unguja. Yeye mwenyewe hucheza magongo ya barafuni, na wiki hiyo alikuwa amenunua glavu hapo hapo. Aliposikia Kiswahili cha Yasir alifurahi, akamwonyesha kiraka cha kiganja cha kulia. Alikuwa ameambiwa kilishonwa na fundi wa timu zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na hicho kiraka ndicho kilichomfanya anunue.

Yasir alikitambua mara moja. Alikuwa amekishona yeye, kwenye kiti kile kile alichokalia. Ila uzi mwekundu haukuonekana.

Tajiri alikuwa amesimama karibu nao, Kiswahili hajui, anatabasamu.

"Ningeweza kunyamaza," anasema Yasir. "Madam ana furaha, arbab, bosi wangu, ana furaha. Lakini kazi ile ni yangu. Nikinyamaza, na uongo unakuwa wangu."

Akachukua kitambaa, akakitia spiriti kidogo, akasugua ukingo wa kiraka. Ikatoka rangi nyeusi ya viatu. Chini yake ukatokea uzi mwekundu.

"Nikamwambia, madam, hiki nimekishona mimi mwezi uliopita, na uzi huu ni alama yangu. Samahani."

Mawadda anasema hakumkasirikia fundi hata kidogo. "Mle dukani, mwenye cha kupoteza ndiye aliyesema," anasema. "Wengine walikuwa wananitazama tu."

Joweria, Mganda aliyekuwa muuzaji hapo na ambaye sasa amehamia kazi nyingine, anakiri kwamba jambo hilo halikuwa siri. "Sote tulijua. Sir alikuwa anasema yalla, paka rangi, mteja anangoja. Tukapaka."

Mawadda alirudishiwa fedha zake. Yasir alipelekwa ghalani siku iliyofuata, na sindano yake ya ngozi, aliyoachiwa na baba yake, imefungiwa kwenye droo ya duka.

Kama hayo hayatoshi, sikiliza haya. Viza yake inaisha mwezi huu. Tajiri ameahidi kuiongeza na kumrudisha kwenye kiti chake kwa sharti moja: ampigie simu Mawadda, amwambie kwamba alidanganya kwa sababu ya chuki. Akikataa, khalas, ni tiketi ya kurudi Mombasa, na wafanyabiashara wote wataambiwa kwamba fundi huyu huharibu mali. Jibu linatakiwa Alhamisi.

Mwongo anamtaka mkweli aombe radhi. Nilipompigia tajiri huyo, alisema hayo ni mambo ya ndani ya duka, akakata simu.

Yasir ana watoto watatu Siyu na nyumba iliyoezekwa nusu. Anakiri kwamba kuna siku sharti lile limemjaribu. Lakini mkewe, Rumaisa, amemwambia arudi hata mikono mitupu, kuliko kubaki huku akijiita mwongo kwa kinywa chake mwenyewe.

Mawadda anamtafutia kafeel mwingine, yaani mdhamini wa viza, mwenye duka la kutengeneza viatu Rashidiya, na wachezaji wenzake wameahidi kumpelekea glavu zao. Hakuna uhakika bado. Ikishindikana, Yasir atafungua kibanda chake Lamu mjini, inshallah.

"Alhamisi nitakwenda kumwomba sindano ya baba," anasema, akiinua katoni jingine. "Anipe, asinipe, simu ile sipigi."

Mfuko wa shati lake umetuna. Asubuhi hii, kabla ya kuja ghalani, amenunua kidonge kipya cha uzi mwekundu. Bado hajui atashonea wapi.