Mtoto wa Mwinjilisti Kwenye Foleni ya Futari

Nimewahi kufunga Ramadhani nzima, na baba yangu ni mwinjilisti wa Kilutheri.

Sikusilimu. Sikuwa na mchumba wa Kiislamu. Nilifuata tambi.

Kama una njaa, nenda kale kwanza ndiyo urudi usome, maana humu ndani kuna chakula kingi na sitaki lawama.

Ilikuwa mwanzoni mwa tisini na nane, zile mvua za El Nino zikiwa hazijaamua kuondoka. Nilikuwa mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja chini ya Mlima Meru, upande wa Tengeru. Jina nakaa nalo, na siku hizi hata chenyewe kimeshabadilishwa jina.

Waliotutangulia walilishwa na Serikali mpaka ndizi mbivu baada ya mlo. Sisi tulipofika tukakuta kitu kinaitwa kuchangia gharama, na jiko lote amepewa mzabuni.

Mzabuni mwenyewe alikuwa Mzee Ndesanjo, mtu wa Kibosho, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Alikuja na utaratibu wake wa kadi. Kadi nzima unakula mara tatu, kadi nusu unakula mchana tu. Usipokuwa na kadi unakwenda getini kwa Mama Namnyaki kula loshoro, yaani mahindi ya kukoboa na maziwa mgando, kama mfuko unaruhusu.

Mimi nilikuwa na kadi nzima. Baba aliuza kahawa yote ya msimu ili niipate, akanikabidhi huku akisema, "Philemoni, angalau ule."

Nikala. Asubuhi chai na skonzi. Mchana ugali maharage, nyama Ijumaa tu. Jioni ugali na yale yale maharage ya mchana, yameongezwa maji ili yasijisikie wapweke.

Na bwalo linafungwa saa kumi na mbili jioni kamili. Ukichelewa, utajua mwenyewe.

Ramadhani ilipokaribia, Waislamu wakamwendea Ndesanjo. Waliongozwa na Mikidadi, kijana wa mwaka wa tatu, mtoto wa Kaloleni mjini, mpole kupita kiasi. Tatizo lao lilikuwa wazi: bwalo linafungwa jua bado lipo, sasa mtu aliyefunga kutwa nzima atakula nini?

Ndesanjo akapanda juu ya benchi bwaloni, akatangaza mbele yetu sote.

"Mimi nafanya biashara. Anayefunga ajiandikishe kwa Mikidadi. Wakifika thelathini, jioni napika futari. Wakipungua hata mmoja, siwashi jiko. Tumeelewana?"

Halafu akataja vyakula. Tende. Uji wa pilipili manga. Magimbi ya nazi. Tambi za sukari.

Mazee, aliposema tambi, sikusikia tena kingine.

Kesho yake nikamfuata Mikidadi bwenini kwake.

"Nataka kujiandikisha kufunga."

"Karibu. Jina?"

"Philemoni."

Kalamu ikasimama. "Philemoni nani?"

Baba yangu anaitwa Elirehema.

"Philemoni Abdala. Mama ndiye Mkristo."

"Mashallah," akasema Mikidadi, akaandika bila kunyanyua kichwa.

Nikatoka pale najiona mjanja wa mkoa mzima. Jioni nikamtonya Ebenezer, niliyekuwa nalala naye chumba kimoja. Ebenezer alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza, na tumbo la kwanza vilevile. Naye akajiandikisha.

Futari ikapikwa. Aisee, sitasahau. Magimbi yanateleza yenyewe, uji unawasha koo, tambi zina iliki. Wenye kadi zao za kawaida walikuwa wanatuchungulia dirishani kwa uchungu.

Kasheshe ikawa mchana.

Sharti la Ndesanjo lilikuwa kwamba mwenye futari hapewi cha mchana. Siku mbili za kwanza nilipoza kwa skonzi nilizoficha chumbani. Siku ya tatu zikaisha, njaa ikanizidi, nikanyata mpaka getini kwa Mama Namnyaki.

"Shikamoo mama. Niwekee loshoro."

Akaweka upawa chini. "Wewe si umefunga? Nimekuona kwenye foleni ya Waislamu."

"Mama, mimi kwa kweli..."

"Toka hapa. Mimi nimeokoka, sitaki dhambi za kuwafungulisha watu."

Mlokole ananilinda swaumu ya uongo. Nikarudi bwenini, nikalala kifudifudi nikisikiliza tumbo likilalamika. Kuanzia siku ile nikafunga kweli, kwa kukosa njia nyingine.

Kulikuwa pia na sala ya magharibi. Utaratibu ulikuwa tende na maji kwanza, halafu wenzetu wanakwenda kuswali darasa la pembeni, wakirudi ndiyo tunakula. Mimi siku ya kwanza nikajitolea kubaki kulinda sufuria. Ebenezer naye akajitolea. Wakajitolea na wengine, mpaka nikashangaa sufuria za tambi zina walinzi wengi hivi. Wala sikujiuliza zaidi. Mtu anayejiona mjanja huwa hana muda wa kuangalia wengine.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Ebenezer alipoharibu.

Jumapili moja akaimba peke yake ibadani, macho amefumba, mikono juu, kanisa zima linatoa machozi. Mpishi mmoja wa Ndesanjo alikuwa amekaa benchi la mbele. Jumatatu jioni Ebenezer huyo huyo kanyoosha sahani kwenye foleni ya futari.

Mpishi akamtonya Ndesanjo kwamba kuna mwanakwaya kwenye foleni, ila jina halijui, na kesho yake hayupo zamu. Kikanuka.

Ndesanjo akaenda moja kwa moja kwa mshauri wa wanafunzi, Mama Agnela, akamwambia ameingiliwa na matapeli. Kesho yake jioni wote wawili wakatinga bwaloni. Ndesanjo alikuwa amebeba redio yake ya betri kwapani.

"Leo hakuna umeme, nguzo imeanguka na spika ya msikiti wa sokoni hailii," akatangaza. "Basi mtafungulia kwa redio yangu. Na leo nitawajua wenye futari na wezi wa futari. Nikikuta wezi, nafuta futari yote."

Nje mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Meru, jua hujui liko wapi. Tende zikagawiwa. Mikidadi alikaa meza ya dirishani na wenzake, akina Swabaha na Zuleha. Mimi na Ebenezer tulikuwa meza ya katikati.

Nilijiapiza kuwa makini. Adhana ikilia tu, nafungua, wala sizubai.

Redio ikakwaruza. Adhana ikalia.

Nikatupia tende mdomoni hapo hapo. Ebenezer akatupia. Bariki, niliyekuwa namjua kama Bakari kutoka Kondoa, akatupia. Meza yetu yote ikatafuna kwa nguvu ili mzee aone.

Meza ya dirishani hakuna aliyekula.

Mikidadi ameshika tende, anaiangalia. Zuleha ameshika tende. Wote wametulia tuli.

Ndesanjo akapiga kofi la furaha.

"Ahaa! Mama, umeona? Adhana imelia, Waislamu wa kweli wamekula. Hawa hapa dirishani wanazubaa, hawajui hata adhana ni kitu gani! Ndio matapeli wenyewe!"

Zuleha akafungua mdomo kujibu. Mikidadi akamgusa mkono, akanyamaza.

Mimi sikuelewa. Swabaha alikuwa mgongoni kwangu, nikamgeukia. "Mbona hamli?"

Akanijibu kwa sauti ya chini, bila hasira. "Redio inatoa adhana ya Dar. Huko jua linatangulia kuzama. Huku kwetu bado."

Nikatemea kokwa kiganjani.

Nikaangalia meza yetu. Wote tuliokula, yaani wale walinzi wote wa sufuria. Hakuna hata mmoja aliyejua habari ya Dar. Kumbe meza nzima ni akina Philemoni.

"Kadi zenu mezani!" Ndesanjo alikuwa anawaungurumia meza ya dirishani. "Mtoke! Futari mmeiona leo mwisho!"

Zuleha machozi yakamlengalenga. Ametoka kufunga kutwa, na anafukuzwa kwenye futari yake mwenyewe na mtu wa Kibosho. Mikidadi akaanza kutoa kadi mfukoni, taratibu, na kusema hasemi. Neno moja tu lingemwokoa yeye na wenzake. Hakulisema.

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira. Sikujua namkasirikia nani, lakini nilisimama.

"Mzee Ndesanjo, shikamoo. Hao ndio wenyewe. Tapeli ni mimi."

"Wewe kaa, mwanangu. Wewe nimekuona ukifungua vizuri kabisa."

"Mzee, baba yangu ni mwinjilisti. Kipaimara nimepata. Nikuimbie?"

Ebenezer naye akasimama. "Mimi ndiye niliyeimba Jumapili." Bariki akasimama akataja na usharika wake. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, mpaka meza yetu nzima ikawa wima, na kwenye kona mvulana mmoja akainua mkono akasema yeye ni Msabato.

Mama Agnela alikuwa ameziba mdomo kwa kanga ya mabegani, mabega yanatetemeka kwa kicheko.

Ndesanjo hakucheka. Aliwahesabu meza ya dirishani kwa kidole.

"Kumi na tisa. Nilisema thelathini. Kwa hiyo futari imekufa leo."

Nikaona nimeua kila kitu kwa mdomo wangu.

Ndipo Mikidadi alipoongea. "Mzee, shikamoo. Siku ile juu ya benchi ulisema nani ajiandikishe?"

"Nilisema anayefunga."

"Ulisema Mwislamu?"

Ndesanjo akahamishia redio kwapa la pili.

"Hawa vijana wamefunga, mzee. Mimi nimewaona midomo ilivyowakauka. Huyu Philemoni alifukuzwa mpaka na Mama Namnyaki."

Sikujua kama alijua hilo.

"Watakuwa wanakula mchana kwa kujificha!" akasema Ndesanjo.

Mama Agnela akaacha kucheka. "Jikoni kwako wamekula?"

"Hapana, Mama. Hilo hapana."

"Wana kadi nzima, wamelipa na cha mchana. Sasa Mzee Ndesanjo, chakula chao cha mchana mwezi huu wote kimekwenda wapi?"

Mzee akakohoa.

Akakohoa tena, kwa muda mrefu kidogo, akaomba maji. Alipomaliza kukohoa akasema vijana wa siku hizi wana utani mwingi, futari iendelee, na tambi ziongezwe sukari. Akachukua redio yake akaondoka.

Mikidadi akatazama saa ya mkononi. Akangoja kidogo. Halafu akasema bismillah, akala tende yake.

Baada ya sala nilimfuata pale alipokaa. Nilikuwa na aibu, na ninaposema aibu namaanisha magimbi hayapiti.

"Kaka, ulijua tangu lini?"

"Tangu siku uliyojiandikisha. Na kama ningekuwa na shaka, Abdala gani anainamisha kichwa na kusema 'katika jina la Yesu' mbele ya uji?"

"Nilisema kwa sauti?"

"Kila siku."

"Kwa nini hukunitoa?"

Akacheka. "Tulikuwa kumi na tisa, Philemoni. Siku ulipogonga mlango nilikuwa nimekaa kitandani nawaza nitawaambia nini akina Zuleha. Ukaja wewe na Abdala wako. Ulidhani unakula kwa mgongo wetu, kumbe sisi ndio tuliokula kwa mgongo wako."

Na pale mezani kwa nini alinyamaza? Hilo sikumuuliza. Nilijua. Alikuwa tayari kulala njaa kuliko kututaja.

Nikamaliza mwezi. Idi nilikula kwao Kaloleni mpaka nikashindwa kuinuka. Baba alipopata habari aliniuliza kama ni kweli nilifunga siku zote. Nikamwambia kasoro mbili za mwanzo. Akasema kwenye Kwaresma sijawahi kufikisha hata wiki.

Na Kwaresma yenyewe ndiyo ikafuata.

Wakatoliki wakamwendea Ndesanjo, wanataka samaki kila Ijumaa badala ya nyama. Ndesanjo akapanda benchi lile lile. Safari hii alikuwa amejifunza, au alidhani hivyo.

"Wanaofunga Kwaresma! Wakifika thelathini!"

Hawakufika. Walikuwa ishirini na kidogo.

Nilikuwa nimekaa pale nakunywa chai. Mlango wa bwalo ukafunguka, akaingia Mikidadi na kofia yake ya Kiislamu kichwani. Nyuma yake Swabaha, Zuleha, na meza yote ya dirishani. Wakapanga foleni kujiandikisha.

Ndesanjo akavua miwani.

"Mikidadi! Na wewe unafunga Kwaresma?"

"Mzee, mwaka huu nimejaribu kuacha vingi. Ila samaki nimeshindwa."

Mzee wa watu akamtazama. Akatutazama sisi. Kisha akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeshindwa na watoto wake, akapiga kelele jikoni kwamba Ijumaa waagize sangara.

Watu huniuliza mwezi ule ulinifundisha nini. Nawaambia ukijiona umemdanganya mtu mpole, mchunguze vizuri, huenda amekukaribisha. Na ukiwa bara, usifungue kwa adhana ya Dar.