Kati ya Kusota

Sisi tuliosoma Ganze miaka ya themanini tulikuwa nyuma sana, jamani. Hatukujua hata kwamba mchezo wahitaji semina. Tulikuwa na uwanja wenye mbigili, mpira wa matambara, na mwalimu wa michezo mwenye kaptura nyeupe iliyopigwa pasi ikakakamaa.

Darasani mwetu alikuwamo Kadzo, aliyepooza miguu tangu utotoni, akienda kwa kusota. Kila kipindi cha mazoezi mwalimu alimpa wadhifa mkubwa: kulinda viatu. Darasa zima wenye viatu walikuwa watatu. Kadzo alivilinda, huku macho yakifuata mpira.

Siku moja mwalimu akinywa chai ofisini, sisi tulicheza kati: wawili warushiana mpira, walio katikati waukwepa. Kadzo akaviacha viatu akaja.

“Nami nacheza.”

“Utakwepaje?” Karisa akacheka.

“Ketini nanyi, tuone.”

Tukaketi. Sheria ikawa moja: hakuna kuinua makalio. Karisa akamrushia mpira polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Kadzo akaudaka. “We Karisa, mimi si yai!” Akamtwanga nao kifuani. Tangu hapo hatukumhurumia, wala yeye hakutuhurumia. Mabingwa wa mbio tulijikokota kama magunia ya mahindi. Kadzo mara yuko huku, mara yuko kule.

Mwalimu akatokea. “Inukeni! Hili ni somo la mazoezi, si matanga!”

Tulijua tukiinuka, Kadzo ametoka mchezoni. Hakuna aliyeinuka, na viboko vya enzi hizo mwavijua. Kadzo akasema kwa adabu, “Karibu katikati, mwalimu.”

Mwalimu akaketi, na kaptura yake nyeupe. Akapigwa mpira mara tatu. “Tena,” akasema, mpaka kengele ikalia. Nyumbani mama akaitazama nguo yangu iliyotoboka nyuma: “Makalio hayo umeyaazima?”

Juzi, nami sasa ni mwalimu, niliitwa semina hotelini Malindi. Kijana mmoja alitufundisha kutwa, kwa picha ukutani, kwamba mchezo ukimshinda mtoto, ubadilishwe mchezo. Ugunduzi mkubwa, nilipiga makofi. Kisha tukapelekwa shuleni kujionea. Watoto walizunguka koni za rangi, wamependeza. Kando, kwenye kiti cha magurudumu, msichana mmoja alikuwa amepewa saa awapimie wenzake muda. Nikasimama mbele yake nimsalimu.

“Shikamoo, mwalimu,” akasema. “Naomba usogee kidogo. Wanizibia, siwaoni wanaocheza.”