Muhogo wa Mapipa Mawili

Mimi ni mwalimu wa hesabu Koboko, lakini nyumbani kwangu ni Awindiri, mjini Arua, na likizo zote niko huko. Wanafunzi wangu hawalitambui neno likizo. Wananitumia maswali kwa simu, ya darasani na ya nyumbani, tena kwa sauti, maana kuandika wanaona kazi. Madam, sehemu hii inageuzwaje? Madam, shangazi anaezeka nyumba ya duara, nyasi kiasi gani zitatosha? Mmoja aliwahi kuniuliza kuku wake atataga lini, nikamwambia amuulize kuku. Nafoka kidogo, kisha nawajibu wote.

Siku ile nilikuwa sokoni Inde tangu asubuhi, na simu nilikuwa nimeizima kuokoa chaji. Niliiwasha mchana, muuza ufuta akiwa bado ananipimia. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa msichana mmoja wa darasa langu, yule anayenyoosha mkono kabla sijamaliza swali. Alikuwa anacheka.

"Madam, ile hesabu ya watu na shamba imenisaidia nyumbani," alisema. "Mama iko matangani Logiri, baba iko Kongo, chakula imeisha. Muhogo ile chungu inakaa kwa maji siku nne, kwa pipa moja. Mimi nikagawa kwa mapipa mbili. Sasa iko siku mbili tu. Jana nimeanika, leo natwanga, jioni napika. Nimepata, madam?"

Nilisikiliza mara ya pili nikiomba niwe nimesikia vibaya. Sikuwa nimesikia vibaya.

Kwetu tunapanda muhogo mchungu kwa makusudi, kwa sababu nguruwe hawaugusi na wezi hawauhangaikii. Lakini uchungu wake ni sumu. Unaumenya, unauloweka mpaka ulainike na kunuka, unauanika, ndipo unatwanga unga. Siku za maji hazipunguzwi hata njaa iwe imekaa mlangoni. Ila mtoto haambiwi kwa nini. Anaambiwa siku nne, basi, na akiuliza anaambiwa ana mdomo. Kisha anakuja kwangu, mimi namfundisha kwamba watu wanne wakilima shamba kwa siku nane, watu wanane watalimaliza kwa siku nne. Huyu msichana aliona maji ndiyo yanayofanya kazi, na mapipa ndiyo watu. Kwenye karatasi ningempa alama ya vema, tena kubwa.

Niliogopa kiasi kwamba nilimwachia muuza ufuta mfuko wangu na kila kilichokuwemo. Nilipiga namba ile. Ilikuwa ya jirani yao, mama mmoja fundi cherehani kutoka Kongo, na simu haikupatikana. Nikapiga tena nikiwa juu ya bodaboda kuelekea mjini. Nikapiga tena kwenye stendi ya magari ya Koboko, ambako dereva alikuwa ameegemea mlango anachokonoa meno, anasubiri abiria wajae. Nilimwambia viti vilivyobaki vyote ni vyangu, na kama hatoki sasa hivi nitaliendesha gari mwenyewe. Sijui kuendesha. Aliniangalia usoni, akatupa kijiti chake, akatoka.

Akili ya mwalimu wa hesabu haina adabu. Mimi nasali, yenyewe inapiga hesabu: umbali uliobaki, mwendo wa gari, jua limefika wapi. Kila ilipomaliza ilinipa jibu moja, kwamba nitawahi. Alisema jioni, na jioni ilikuwa bado. Nililishika neno hilo jioni njia nzima, na abiria wa pembeni yangu akaniuliza kama ninaumwa. Yule msichana ana mdogo wake wa kike ambaye hajafikia umri wa shule. Nilikuwa ninamjua, huja naye hadi langoni kwetu akiwa amembeba mgongoni. Nilimwona huyo mdogo njia nzima, akiwa na tonge mkononi.

Kwao Koboko nilikuta jiko limezimwa. Sufuria ilikuwa chini, imekwanguliwa, na kwenye mkeka kulikuwa na matapishi ambayo mtu ameyafukia kwa majivu. Fundi cherehani alitoka nyumbani mwao akiwa amebeba nguo za watoto.

"Mwalimu, batoto bamekula saa sita," alisema. "Mudogo alikuwa analia njaa, dada yake akashindwa kungoja. Nimebapeleka kwa kituo cha afya. Narudi kule sasa. Kuja."

Tulikwenda karibu kukimbia. Mdogo alikuwa kitandani, amewekewa dripu, macho nusu wazi, na anapumua kama mtu anayepanda mlima. Msichana wangu alikuwa kwenye benchi ukutani, beseni katikati ya miguu, kichwa kikimzunguka. Muuguzi alinivuta pembeni. Alisema huyu mkubwa atapona, ametapika vizuri. Anayemwogopa ni yule mdogo, kwa sababu mwili wenyewe ni mdogo na umebeba sumu nyingi kuliko uwezo wake.

Nikakaa kwenye benchi. Msichana akaniegemea, kitu ambacho hajawahi kukifanya.

"Madam," alisema polepole, "mimi nilikula sahani nzima. Huyu alikula nusu. Sasa sumu yake iko nusu ya yangu. Atapona mbele yangu, si ndiyo?"

Aliniangalia vilevile anavyoniangalia darasani akingoja vema. Mimi sijawahi kuachia jibu baya lipite. Wanafunzi wangu wananisema kwa hilo, na wakaguzi wananisifu kwa hilo. Lakini nilimtazama yule kitandani, nikatazama uso huu uliokuwa begani kwangu, na moyo ukanishinda.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Umepata."

Alifumba macho. Mimi sikufumba. Nilikodolea macho tumbo la yule mtoto likipanda na kushuka, na kila liliposhuka nilibana pumzi yangu mpaka lipande tena. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku za kuwazaa wangu. Fundi cherehani alisali kwa lugha yake, mimi nikaitikia amina bila kujua tunaomba nini hasa.

Jua lilikuwa linaingia dirishani kwa pembeni pale mtoto aliposogeza mkono. Muuguzi aliinama, akamsikiliza kifua, akamfungua macho kwa vidole. Mtoto akakasirika, akalia, akataka chai. Fundi cherehani akakaa sakafuni na kulia naye. Muuguzi alisema sasa hatari imepita.

Msichana aliinuka kwenye benchi. Bado alikuwa anayumba, lakini uso ulikuwa umerudi, ule wa mkono juu kabla ya swali kuisha.

"Umeona, madam?" alisema. "Alikula nusu. Hesabu yangu ilikuwa sawa."

Mama yake alikuwa bado Logiri, muhogo ulikuwa bado shambani, na mapipa mawili yalikuwa bado uani. Nilimshika mkono nikamketisha.

"Kaa hapa, mama," nikamwambia. "Umekosa. Umekosa zote mbili, na hii ya pili nimekudanganya mimi."