Mnazi wa Posa Yangu

Baba yangu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwoga. Kwetu huko nyuma ya Jilore mahindi yalikuwa yamekauka misimu miwili, na kila wikendi palikuwa na disko matanga, watu wakikesha kuchangia mazishi na kucheza hadi marehemu mwenyewe akasahaulika. Binamu yangu alirudi na mimba kutoka disko mojawapo. Baba akaamua: mimi, wa darasa la saba, heri niolewe kabla sijaharibika. Mume akapatikana Mariakani, mwenye lori na kitambi, mtu mzima ambaye mama alimwita kaka bila kukosea.

Wazee wanne wa upande wake walifika jua la utosi na dumu la tembo la mnazi. Walikuwa wametembea kutoka barabara kuu, midomo imewakauka. Kwetu posa haikubaliwi kwa maneno matupu. Binti hupiga magoti akamimina mnazi, na babake humwuliza mbele ya watu, "Tunywe?" Akisema kunyweni, basi ameolewa. Shangazi alinifundisha jibu hilo wiki nzima. Dada yangu, ambaye mnazi wake ulinywewa akiwa na miaka kumi na mitano, alikuja kusaidia kupanga bilauri, mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni.

Nilimimina. Povu likapanda. Wazee wakameza mate.

"Mwanangu, tunywe?"

"Msinywe, baba."

Shangazi akacheka kwa nguvu. "Ana haya tu huyu! Muulize tena."

"Msinywe. Nina mtihani."

Baba alivimba shingo. Mzee mmoja, macho yasibanduke kwenye bilauri, akanibembeleza. "Mjukuu wangu, hatukulazimishi. Lakini si tunaweza kunywa kidogo cha kiu? Hicho kisihesabiwe." Mwenzake akadakia kwamba wanaweza kunywa kama wageni tu, mambo ya posa yaahirishwe.

Nyanya mzaa baba, aliyekuwa akisinzia mkekani tangu asubuhi, akafumbua jicho moja. "Tone moja likigusa ulimi wa mtu, huyo mtoto kaolewa. Nyinyi wazee wazima hamlijui hilo? Wapeni maji."

Nikawapa maji ya kisimani kwa kata, yenye chumvi chumvi. Waliyanywa wakilitazama dumu kama watu wanaoaga maiti, kisha wakajitwika na kurudi nalo walikotoka.

Baba alininunia mpaka mtihani ukaisha. Nami, sitasema uongo, nilifurahi, tena kwa jeuri. Jioni ile ya posa niliingia jikoni nikiruka, nitambe mbele ya dada. Nilimkuta ameinama, anasugua bilauri ambazo hakuna aliyezinywea. Hakugeuka kunitazama.

"Mimi pia niliulizwa," akasema. "Sikujua kama kuna jibu lingine."