Kanali ya Kumi na Tatu

Asifiwe Mungu aliyeniamsha tena leo, akaniachia macho ya kusoma herufi ndogo na vidole vinavyotii, hata kama vinatii polepole. Asifiwe kwa nyumba yenye watu ndani. Jambo ninalotaka kusimulia ni dogo, ni jambo la mashine, lakini nusura linipokonye dada yangu. Kwa kuwa halikunipokonya, ni haki nianze kwa kumshukuru aliyezuia.

Dada yangu mkubwa, ambaye mimi na mke wangu tunamwita Yaya, aliishi Mokambo tangu alipoolewa. Mume wake alipofariki, alibaki peke yake katika nyumba ile ya mpakani, na ugonjwa wa presha ulikuwa umeshaanza kumsumbua. Kuna asubuhi majirani walimkuta amelala chini kando ya mbabula, jiko lake la makaa, moto ukiwaka bado. Nilimwomba kwa miaka mingi aje kukaa nasi hapa mjini, Katuba. Jibu lake lilikuwa lile lile, kwamba mkubwa hahamii kwa mdogo wake. Mwishowe, msimu wa mvua uliopita, alikuja. Alibeba sanduku la nguo tu. Vyombo, kuku na picha ya marehemu aliviacha Mokambo, na sisi tulielewa maana yake: alikuwa bado anatupima.

Mimi sikuhitaji kumpima. Mama yetu alituacha nikiwa bado natambaa. Mgongo ninaoukumbuka ni wa Yaya.

Binti yake wa pekee yuko Amerika, na wakati huo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alimtumia mama yake simu nzuri kwa mkono wa msafiri. Yaya alitaka kumwona mtoto wake usoni, aone kama miguu imevimba, kama anakula. Lakini mega za intaneti alizonunua ziliisha kabla hawajamaliza kusalimiana. Nikaona heri tuweke wifi nyumbani.

Fundi alipanda juu ya bati akafunga antena, akavuta waya mpaka sebuleni, akaniuzia ruta. Alitaka kuipanga mwenyewe. Nikamwomba aniachie kazi hiyo, naye akanitazama kama mtu anayemwachia mzee wembe. Hakujua kwamba kabla sijawa katekista, nilikuwa mtu wa foni katika misioni, ile redio kubwa tuliyotumia kusema na vituo vya porini. Mambo ya mawimbi hayakuwa mageni kwangu. Yalikuwa yamevaa nguo mpya tu.

Basi alasiri moja, umeme ukiwapo, niliketi mbele ya kompyuta na kitabu kidogo cha maelezo. Mke wangu alikaa karibu akichambua sombe, majani ya muhogo. Nilisali sala fupi, nikafungua ukurasa wa ruta. Jambo la kwanza ilitaka kujua ni nchi tuliyomo. Ilikuwa imewekewa Amerika tangu dukani. Nikashuka kwenye majina, nikashuka mpaka mwisho kabisa.

"Papa, unatafuta nini kule chini?"

"Zaïre."

Mke wangu akaangusha jani la sombe. "Zaïre ilikufa, Papa! Haukusikia? Ao njo vile hatukualikwa ku kilio?"

Nikapanda juu tena, nikakuta Kongo ziko mbili.

"Chunga," akasema, akiwa bado anacheka, "usituvushe muto. Tutalala Brazza leo."

Nilichagua iliyo yetu. Mara ile sehemu ya kanali ikabadilika. Kanali ndiyo njia ambayo redio ya ruta inasemea hewani, na ruta hutumia moja kwa wakati mmoja. Mwanzo zilikuwa zinaishia kumi na moja. Nilipoweka nchi yetu zikafika kumi na tatu. Nikafurahi kama mtu aliyeongezewa shamba.

Kisha nikafanya kama tulivyofundishwa kwenye foni: sikiliza kwanza, halafu sema mahali penye kimya. Ukurasa ulionyesha ruta za majirani na kanali wanazotumia. Katuba nyumba zimebanana, na hewa yake vilevile. Kanali ya kwanza, ya sita na ya kumi na moja zilijaa kelele kama soko. Kanali ya kumi na tatu haikuwa na mtu. Nikakaa pale.

Ruta ile ilikuwa na redio moja, lakini redio hiyo iliweza kufungua milango miwili, kila mlango na jina lake na kode yake ya siri. Mmoja nikauita NYUMBANI, wa watu wa nyumba. Wa pili nikauita BAGENI, kwa ajili ya wanaokuja kwetu kusali, wapate kusoma habari zao bila kuingia katika vitu vyetu. Simu ya mke wangu iliingia, yangu ikaingia. Nikamshukuru Mungu, nikamngoja Yaya.

Alirudi kutoka kwa kikundi chake cha mama wa sala, akaketi, akavaa miwani.

"Mudogo, yangu haione kintu."

"Ngoja kidogo, Yaya. Itakuja."

Haikuja. Nilizima simu yake na kuiwasha. Nilizima ruta na kuiwasha. Nikaandika majina upya, herufi kwa herufi. Simu za sisi wengine ziliyaona, na ya Yaya haikuyaona. Lakini majina ya majirani yalijipanga mbele yake yote, naye akaanza kuyasoma kwa sauti, kidole juu ya kioo.

"'Kode ni bei.' 'Usiombe.' 'Baba Mapacha.' Ya bajirani minaona yote. Ya mudogo yangu, hapana."

"Hata ile ya bageni, Yaya?" mke wangu akauliza.

"Hata ya bageni." Aliilaza simu juu ya meza, uso chini. "Basi shiko hata mugeni hapa."

Nilitaka kucheka nikidhani anatania. Nilipomtazama, nikaona hatanii.

Kule kwenye kikundi walikuwa wamemwambia kwamba mwenye ruta anaweza kufungia nje simu ya mtu mmoja, wengine wote wakaingia. Akaniuliza kama ni kweli. Sikuweza kusema uongo.

"Anaweza, Yaya. Lakini mi shikugusa pale."

"Aksanti. Nilisikia 'anaweza'."

"Yaya, juu ya nini nikufunge?"

"Shijue. Pengine minasema sana na mutoto. Pengine minakula sana. Mwenye nyumba njo anajua."

Hakupandisha sauti. Yaya akikasirika hushusha sauti, na ile ya siku ile ilikuwa karibu na mnong'ono. Kesho yake nilimkuta akikunja nguo kitandani.

"Juma yenye inakuja minarudia Mokambo," akasema. "Kule hakuna wifi. Lakini hakuna wa kunifungia."

Mke wangu alinifuata uani. "Akianguka kule, nani atamuinua?"

Nilimwita fundi kwa simu. Alisema simu ya Yaya imeharibika. Nikamwambia inaona za majirani, hata ya parokia inaiona. Akasema basi ruta imeharibika. Nikamwambia simu zetu zinaiona. Akafikiri kidogo, akasema ninunue vyote viwili.

Nilikuwa nakwenda misa ya asubuhi nikiwa na mzigo huo. Sitasema nilipewa ono. Asubuhi moja nilikuwa nimepiga magoti baada ya komunyo, akili ikitangatanga, Mungu anisamehe, na katika kutangatanga kwake ikafika misioni, kwenye foni yetu ya zamani.

Redio zile zilisema kwa nguvu ya kristali, vijiwe vidogo ndani ya kasha la chuma. Kila kijiwe kilikuwa na wimbi lake. Kituo kisichokuwa na kijiwe cha wimbi fulani hakikuweza kukusikia katika wimbi hilo, hata ungepiga kelele namna gani. Wakati mmoja padri mkubwa aliamua tuhamie wimbi lenye utulivu zaidi. Tulituma vijiwe vipya kwa vituo vyote, na kimoja, cha mbali kabisa, hakikupata chake. Katekista wa huko aliendelea kutuita katika wimbi la zamani, na hakuna aliyemwitikia. Hatimaye alikuja kwa baiskeli, tope mpaka magotini, akasimama mlangoni pa chumba cha foni. Hakuuliza kama redio imeharibika. Aliuliza, "Niliwakosea nini?"

Nilirudi nyumbani kwa haraka isiyofaa kwa magoti yangu. Nikafungua ukurasa wa ruta, nikawatazama wale majirani ambao Yaya aliwasoma. Wote walikuwa katika kanali ya kwanza, ya sita au ya kumi na moja. Katika kumi na tatu nilikuwa peke yangu. Na ile simu ilitoka Amerika, nchi ile ile iliyokuwa imeandikwa ndani ya ruta wakati kanali zilipokuwa zinaishia kumi na moja. Simu haikuwa mbovu. Masikio yake yaliishia pale. Mimi nilitafuta mahali pa kimya, nikasahau kuuliza kama kila mtu wa nyumba anafika huko.

Niliihamishia redio kanali ya sita, katikati ya kelele. Taa za ruta zikazimika, zikarudi moja moja. Yaya alikuwa uani akifunga sanduku lake kwa kamba.

"Yaya, lete simu."

"Ya nini? Niliizima."

"Uiwashe tu. Kisha ufunge kamba yako."

Aliiwasha bila kunitazama. Akavaa miwani. Akapitisha kidole juu ya kioo, jina kwa jina, hata mke wangu akatoka jikoni.

"Iko," akasema. "Nyumbani. Na ile ya bageni. Zote mbili."

"Uingie ku ya Nyumbani, Yaya."

Hakugusa kitu bado. "Nani alikuwa alinifunga?"

"Hakuna muntu. Tulikuwa tunakuita ku kanali ya kumi na tatu, na simu yako haijue ile kanali. Baliitengeneza Amerika. Kule banahesabu mpaka kumi na moja."

Alivua miwani. "Amerika? Na ukubwa yote ile, kumi na tatu inabashinda?"

Mke wangu ndiye aliyeanza kucheka, akashika ukuta. Yaya akamfuata, mabega yake yakitikisika, na mimi nikaona haya kwa sababu machozi yangu hayakuwa ya kicheko tu.

Binti yake alipojibu, picha ilikuja kwa vipande, kwanza paji la uso, kisha shavu, kisha yeye mzima. Yaya hakumsalimu. Alimwamuru asimame ageuke upande, aonyeshe tumbo, ainue mguu. Akaushika kwa macho mguu ule kama anavyoshika papai sokoni.

"Mama, uko wapi?" binti akauliza. "Ulirudia Mokambo?"

"Niko ku nyumba," Yaya akasema. "Geuka tena. Ule muguu mwingine."

Nikaingia ndani nikawaachia uani.

Sitaficha kwamba wifi yetu ni ya polepole tangu siku ile. Jioni, watoto wa majirani wakianza filamu zao, picha ya binti hukwama mdomo wazi, na Yaya hungoja amekunja mikono mpaka mdomo uendelee. Fundi alipopita alinishauri nirudi kanali ya kumi na tatu, tungepata mwendo mzuri. Nikamshukuru, nikampa maji ya kunywa.

Juma alilolitaja lilipofika, siku moja Yaya aliamka mapema akajifunga kitambaa cha safari. Mke wangu alinitazama kwa hofu.

"Yaya, tulifikiri..." nikaanza.

"Nilisema minaenda. Minaenda."

Akaondoka. Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mke wangu alipika sufuria ile ile ya bukari, ugali wetu, kwa watu watatu, na sehemu ya tatu tukaila asubuhi ikiwa imepoa. Simu ya Yaya haikupatikana. Nilisali, nikajizuia kumhesabia Mungu siku.

Jioni moja gari lilisimama mbele ya lango. Kwanza kikashuka kinu, kisha kuku waliofungwa miguu, wakipiga kelele, kisha picha ya marehemu imefungwa ndani ya blanketi, kisha Yaya mwenyewe, vumbi mpaka kwenye nyusi. Funguo za nyumba ya mpakani alikuwa amewaachia ndugu za mume wake.

"Munasimama kama bale ba picha," akatuambia. "Mubebe. Kuku haitaingia yenyewe."

Tukabeba. Kinu kilikuwa kizito kuliko nilivyokumbuka.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Bwana akutunze unapotoka na unapoingia. Awalinde wakubwa wako na wadogo wako, na akujalie usilale hata usiku mmoja na huzuni ambayo swali moja lingeiondoa. Amina.